Cooper Black kwenye kava la kitabu cha watoto: tabia zake, pa kuiweka na pa kuiacha

Swali lililonifikia ni hili. Dada mmoja anaandaa kitabu cha hadithi za watoto, kava anatengeneza mwenyewe, na kwa jina la kitabu ameipenda Cooper Black, ile fonti nene yenye kona laini ambayo watu wengi wameikuta kwenye Word. Sasa dizaina mmoja akamwambia aachane nayo, ni ya kizamani, ni nzito, na alipoijaribu kurasa za ndani akaona kweli inachosha macho. Anauliza hii fonti ina tabia gani hasa, inafaa wapi, na aiache au aendelee nayo?

Dada, jibu fupi ni kwamba endelea nayo kwenye jina la kitabu, na kurasa za ndani usiipeleke kabisa. Huyo dizaina kwenye suala la kurasa za ndani yuko sahihi kwa asilimia zote, ila hilo la kusema ni ya kizamani kwa hiyo itupwe mi sikubaliani naye, na nataka nilieleze vizuri kwa sababu Cooper Black ni fonti ambayo watu wanaihukumu kwa kazi mbovu walizoziona imetumika, hawaiangalii yenyewe. Mi naipenda, na nikiikuza kwenye skrini bado naiona ni kazi ya mtu aliyekuwa anajua anachofanya.

Hebu kabla hujaendelea kusoma, fungua programu unayotumia uandike neno mtoto, kwa herufi ndogo zote, uliweke kwenye Cooper Black kisha ulikuze mpaka lijae skrini. Anza na ile m. Angalia miguu yake mitatu pale chini inapokanyaga mstari, utaona haikanyagi kwa bapa kama fonti nyingine zenye vikono (vile vijimkia vya pembeni vinavyoitwa serifu), bali kila mguu umevimba na chini yake umepinda kidogo, hakuna kona kali hata moja. Njoo kwenye o. Nje ni nene na pana, halafu ndani kuna tundu dogo sana, na hilo tundu halijasimama wima, limeinama, kichwa chake kimelalia kushoto. Sasa angalia neno zima, o ya kwanza na o ya mwisho zote zimeinama upande uleule, ndo maana neno linaonekana kama lina mwendo fulani ingawa herufi zenyewe zimesimama. Kitu cha mwisho, angalia urefu wa t ukilinganisha na o. Tofauti ni ndogo. Herufi ndogo za Cooper Black ni kubwa kwa kimo, na zile zinazopanda juu kama b, k, h hazipandi sana, na zinazoshuka chini kama g na y hazishuki sana. Kila kitu kimebanwa katikati.

Hayo mambo matatu, yaani miguu isiyo na kona, tundu lililoinama, na kimo kikubwa cha herufi ndogo, ndo tabia yote ya fonti hii. Unene peke yake usingefanya kitu. Zipo fonti nene nyingi ambazo ukiziweka kwenye kava la mtoto zinaonekana kama tangazo la onyo, kwa sababu zina kona kali na mistari iliyonyooka na jicho linasoma ukali. Cooper Black ina uzito uleule ila inaongea kwa sauti kubwa bila kufoka, na hicho ni kitu kigumu sana kukipata kwenye herufi.

Aliyeichora anaitwa Oswald Bruce Cooper, wenzake walimwita Oz. Alizaliwa 1879 jimbo la Ohio, Marekani, akaenda Chicago kusomea uchoraji wa picha za vitabu na magazeti kwenye shule ya Frank Holme, na hapo ndo ikaonekana mkono wake uko kwenye herufi kuliko kwenye picha. Mmoja wa walimu wake pale alikuwa Frederic Goudy, ambaye naye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa herufi Marekani. Mwaka 1904 Cooper na mwenzake Fred Bertsch wakafungua ofisi yao, Bertsch & Cooper, wakawa wanatengeneza matangazo, na sehemu kubwa ya hayo matangazo Cooper alikuwa anachora maandishi kwa mkono herufi moja moja. Hili ni la kulishika, kwa sababu ndo linaeleza ulaini wote unaouona. Huyu mtu hakuanza na rula na bikari, alianza na wino na karatasi, na maandishi yake yalipendwa mpaka kampuni ya American Type Founders ikatoa fonti iitwayo Packard mwaka 1913 kutokana na herufi alizokuwa amezichora kwa ajili ya matangazo ya magari ya Packard.

Baadaye kiwanda kingine cha kumimina herufi za risasi (zile za madini zilizokuwa zinapangwa moja moja ili kuchapa), Barnhart Brothers & Spindler cha hapohapo Chicago, kikamwomba awatengenezee familia ya herufi. Ikaanza Cooper Old Style, ambayo ni nyepesi, halafu 1922 ikatoka hii nene, Cooper Black. Ikashika moto. Mwenyewe Cooper aliielezea kwamba ni fonti ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali, na maneno hayo yana ukweli ndani yake, kwa sababu ilikuwa kweli inasomeka kutoka mbali na wenye matangazo walikuwa wanataka hivyo. Wapinzani nao hawakukaa kimya. Kampuni ya Monotype ikamwendea Goudy yuleyule mwalimu wa Cooper ikapata Goudy Heavyface mwaka 1925, Ludlow nao wakatoa yao, Linotype nao wakatoa yao, kila mtu alitaka kipande cha soko lile. Cooper akaendelea kuongeza ndugu: Cooper Hilite ya 1925 ambayo kila herufi ina mstari mweupe ubavuni kama mwanga umeipiga, na 1926 zikatoka italiki yake na ile iliyobanwa, Cooper Black Condensed. Alifariki 1940.

Sasa kuhusu hilo la kizamani. Fonti hii imechorwa miaka zaidi ya 100 iliyopita, kwa hiyo kama kizamani ni umri basi ni ya kizamani, lakini Times New Roman nayo ni ya miaka ya 1930 na Futura ya 1927 na hakuna anayezikataa kwa umri. Anachomaanisha dizaina wako ni kwamba watu wengi wakiiona wanakumbuka miaka ya 1960 na 1970, na hapo kweli anagusa kitu. Baada ya ule moto wa mwanzo fonti hii ilipoa kidogo, mitindo ikaenda kwenye herufi nyembamba zisizo na vikono, halafu miaka ya 1960 ikarudi kwa nguvu mpya, na sababu ya kurudi ni ya kiufundi kabisa. Herufi ya risasi inakaa juu ya kibao chake cha mstatili, na vibao viwili vikigusana hapo ndo mwisho, huwezi kuzisogeza zaidi bila kuchonga chuma. Ilipokuja teknolojia ya kupanga maandishi kwa picha, na zile karatasi za Letraset ambazo unasugua herufi inahamia kwenye karatasi yako, kibao hakipo tena, herufi unaisogeza mpaka igusane na mwenzake ukitaka. Na Cooper Black ikibanwa ndo inapendeza, kwa sababu zile kona za mviringo zinaingiana, moja inavimba pale nyingine inaporudi ndani. Mfano unaojulikana sana ni kava la albamu ya Beach Boys ya mwaka 1966, Pet Sounds, pale juu kwenye kile kipande cha kijani maneno yamebanwa mpaka yamekuwa umbo moja. Tangu hapo ikaingia kwenye tisheti, stika, mabango, kila mahali.

Ila haikubaki huko. Jina la Garfield, yule paka wa katuni, limeandikwa nayo. Pipi za Tootsie Roll, nayo. Shirika la ndege la easyJet lililoanza 1995 limeiweka nyeupe juu ya rangi ya chungwa kwenye nembo yake, na ukiangalia hapo hukumbuki muziki wa zamani, unasoma tu kwamba ni kampuni isiyojidai. Na kuanzia miaka ya mwisho ya 2010 herufi laini zenye vikono vya mviringo zimerudi kwenye vifungashio na logo za kampuni changa kwa wingi sana. Kwa hiyo kinachoamua kama itaonekana ya kizamani ni vitu unavyoizungushia. Ukiiweka kahawia na chungwa na njano iliyopauka pamoja na michirizi ya upinde wa mvua basi umeiambia dunia unataka 1974. Ukiiweka kwenye rangi moja safi, juu ya mchoro wa leo, na nafasi ya kutosha pembeni, inakaa sawa tu.

Kwa kava lako nitakwambia nini cha kufanya, na nitakaa kwenye vile vitu vinavyoharibu zaidi.

Usibonyeze kile kitufe cha B. Naona hili mara nyingi mno. Mtu ameshachagua fonti ambayo tayari ni nene sana, halafu anaongeza boldi juu yake, na kwa kuwa toleo nene zaidi halipo programu inaigiza kwa kunenepesha herufi pande zote, nje na ndani. Nje hutaona tofauti kubwa, ila ndani yale matundu madogo ya a na e yanaziba, na mara moja neno linageuka kuwa madoa. Kama umeshabonyeza, rudi ubonyeze tena kuitoa, utaona neno linapumua palepale. Kitufe cha italiki nacho kiache, kina ubaya wa aina yake. Nilisema tundu la o limelalia kushoto. Programu ikiigiza italiki inasukuma herufi nzima kwenda kulia, kwa hiyo ule mwinamo uliowekwa na Cooper kwa makusudi unafutwa, o inabaki imesimama kama imeduwaa na miguu ya m inaenda mshazari. Italiki halisi ya 1926 ilichorwa upya kwa mkono, ni kitu kingine kabisa, ukiipata itumie hiyo.

Kuvuta pia usivute. Jina likiwa refu watu wanashika pembeni ya kisanduku wanalibana liingie, na herufi ikibanwa hivyo mistari ya wima inakonda wakati ya ulalo inabaki na unene wake, na zile kona za duara zinakuwa kama zimekanyagwa. Kama nafasi ni ndogo, punguza saizi au vunja jina mistari miwili mitatu, na fonti hii kuvunjwa mistari inapenda sana kwa sababu herufi zake hazipandi wala hazishuki sana, mistari inakaribiana bila kugongana. Ukiweka herufi za pointi 72, nafasi ya mstari hadi mstari unaweza kuishusha mpaka pointi 66 au 68 na bado ikakaa vizuri, angalia tu pale y au g ya juu inapokutana na k au h ya chini, na zikigongana badilisha mahali pa kuvunja mstari.

Tumia herufi ndogo. Herufi kubwa ya mwanzo sawa, lakini jina zima kwa herufi kubwa hapana. Herufi kubwa za Cooper Black si mbaya ila ni pana na hazina ule uchangamfu, na zikipangwa zote zinatengeneza ukuta, wakati uzuri wa fonti hii mwingi uko kwenye a, e, o, g, m. Na hapo Kiswahili chetu kina bahati kubwa, kwa kuwa karibu kila silabi inaisha na irabu. Neno kama sungura au kobe au mapacha limejaa hizo herufi za mviringo, kwa hiyo unaipata fonti ikiwa kwenye ubora wake kabisa. Ukiandika jina la Kiswahili kwa Cooper Black linapendeza kuliko majina mengi ya lugha zenye konsonanti zilizorundikana, mi hilo naliamini kabisa.

Ila kuna sehemu tatu Kiswahili kinaisumbua na lazima uziangalie mwenyewe kwa macho. Ya kwanza ni upana. Herufi m na w ni pana sana kwenye fonti hii, na sisi tunazo kila mahali, mwa-, wa-, mwe-, na maneno yetu ni marefu kwa sababu tunaunganisha kila kitu kwenye kitenzi. Tunawakaribisha ni herufi kumi na tano kwenye neno moja na huwezi kulivunja katikati kwenye kava. Kama jina la kitabu lina neno la namna hiyo, fikiria kulibadilisha, au lile neno refu liweke kwa fonti nyepesi na lile fupi lenye uzito wa maana ndo lipate Cooper Black. Ya pili ni ile nafasi inayobaki W kubwa ikifuatwa na a ndogo, mfano Watoto, au Y na a, V na a, T na a. W inafunguka kwa juu na a imekaa chini, katikati panabaki uwazi unaofanya W ionekane imeachwa peke yake. Programu nyingi za usanifu zinairekebisha zenyewe, lakini Word ina sehemu ya kuwasha hiyo kazi ndani ya mipangilio ya juu ya fonti na mara nyingi unaikuta imezimwa. Iwashe, halafu bado angalia kwa macho, na kama a iko mbali isogeze kwa mkono.

Ya tatu ni ng'. Vitabu vya watoto vya Kiswahili visivyo na ng'ombe au nyang'au ni vichache sana, sasa ile alama inayokaa baada ya g inatakiwa iwe ile iliyopinda kama koma iliyopanda juu, na kwenye Cooper Black ni tone nene lenye umbo zuri linaloendana na herufi zake. Programu nyingine zinakuwekea ile ya kijiti kilichonyooka na inaonekana kama kitu kimedondokea hapo kwa bahati mbaya. Ipachike iliyopinda, kisha sogeza o inayofuata karibu kidogo, kwa sababu chini ya hilo tone panabaki tupu na neno linaonekana limekatika, ng' peke yake na ombe peke yake, na mtoto anayejifunza kusoma ndo wa kwanza kujikwaa hapo.

Nafasi kati ya herufi kwa ujumla punguza kidogo tu. Kwa herufi za pointi 72, ukipunguza pointi 1 inatosha kuanzia. Ukiona miguu ya m na n imeanza kugusana na ya jirani umefika, labda kama kugusana ndo unakutaka, ila kwa kitabu cha mtoto mi ningeacha upenyo mdogo ili kila herufi ionekane ni herufi. Na kama jina litakuwa jeupe juu ya rangi nzito basi usipunguze kabisa, kwa sababu jicho linaona kitu cheupe kwenye giza kikubwa kuliko kilivyo, matundu ya ndani yataonekana madogo zaidi, kwa hiyo hapo ongeza hewa. Mstari wa kuzungushia herufi nao ukiutaka hakikisha unakaa nje ya herufi au nyuma yake, ukiuacha upite katikati ya ukingo unakula matundu, tunarudi palepale pa madoa. Watoto wanapenda sana herufi zenye mng'aro, na ukitaka huo mng'aro angalia picha za ile Cooper Hilite ya 1925 uone mwanga umewekwa wapi, ni upande mmoja tu kwa kila herufi na ni mwembamba.

Ukiacha kava, fonti hii inafaa sana kwenye vitu vinavyokatwa au kushonwa au kubandikwa kwa moto. Tisheti, stika za vinaili, kitambaa cha kudariziwa, kibao cha mbao. Sababu ni kwamba haina uzi mwembamba wa kukatika. Herufi yenye vikono vyembamba ukiikata kwenye vinaili zile ncha zinanyanyuka kwanza, ukiichapa kwenye tisheti zinaanza kumenyuka hapohapo, wakati kona ya mviringo haina pa kuanzia kumenyuka. Hata kwenye uchapaji wa kawaida wa karatasi ya bei rahisi, wino ukisambaa kidogo herufi zenye kona kali zinaonekana zimechafuka, Cooper Black tayari kingo zake zinafanana na wino uliotulia, kosa dogo la mashine hulioni. Kwa hiyo ukitaka baadaye kutoa stika au vitambulisho vya kitabu chako, jina litahama bila shida.

Na sasa kurasa za ndani. Ulivyosema inachosha ni kweli, na sababu ni ileile ya matundu. Jicho likisoma aya linategemea weupe ulio ndani ya herufi na kati ya herufi kutofautisha a na e na o, na kwenye saizi ya pointi 12 au 14 weupe wa Cooper Black unabaki nukta, ukurasa unakuwa mweusi na mtoto anabahatisha maneno. Kipimo changu ni kwamba chini ya pointi 18 kwenye karatasi siiweki hata kwa mstari mmoja, na kwenye simu hata hiyo ni ndogo. Kuna jambo jingine la watoto hasa, a ya Cooper Black ni ile yenye kichwa kilichopinda juu ya tumbo, wakati mtoto shuleni anafundishwa a ya duara na kijiti. Kwenye kava haina neno kwa sababu maneno ni machache na mara nyingi mtu mzima ndo anasoma. Ndani ya hadithi mtoto anayeanza atahangaika.

Ndani weka Andika. Ni fonti ya bure iliyotengenezwa na SIL, shirika linaloshughulika na lugha, mahsusi kwa watu wanaojifunza kusoma, jina lake la Kiswahili, a yake ni ile ya duara na kijiti, na I kubwa, l ndogo na namba 1 zinatofautiana wazi. Iweke pointi 16 au 18 na mistari iachane vizuri. Uzuri mwingine ni kwamba inaendana na Cooper Black juu ya kava, kwa sababu Andika haina vikono wala mbwembwe, kwa hiyo jina la mwandishi na maelezo ya nyuma ya kitabu yakiwa Andika hayashindani na jina la kitabu. Kuchanganya Cooper Black na fonti nyingine yenye utundu, ya mwandiko au ya katuni, sikushauri, zitagombana na zote zitaonekana za bei rahisi.

Najua kuna watu watakwambia badala yake chukua Hobo, ambayo nayo ni laini na ya kuchekesha, ya Morris Fuller Benton wa American Type Founders, 1910. Ni fonti ya ajabu kweli, karibu haina mstari ulionyooka hata mmoja, na herufi ndogo kama g, p, y haziteremki chini ya mstari, zimepandishwa zikae juu kama nyingine. Hiyo ndo inanifanya nisiipendekeze kwako. Mtoto anatambua p na g kwa mkia unaoshuka, ukiukata umemnyang'anya alama.

Kama hofu yako bado ni ile ya kuonekana 1974, kuna njia ya katikati. Ipo familia ya bure inaitwa Fraunces, imetolewa 2020 na wabunifu Phaedra Charles na Flavia Zimbardi, na wenyewe wamesema wameichota kwenye fonti za zamani za Windsor, Souvenir na hizi Cooper. Ina vidhibiti viwili nisivyoviona kwenye fonti nyingi, kimoja kinaongeza au kupunguza ulaini wa kona na kingine kinawasha herufi zenye kuinama kidogo. Ukiipeleka kwenye uzito wa juu na ulaini wa juu unapata binamu wa Cooper Black mwenye sura ya leo. Ijaribu pembeni kwa pembeni na jina la kitabu chako. Kwa jina fupi la neno moja au mawili mi bado ningechukua Cooper Black, kwa jina refu Fraunces ina nafasi kwa sababu si pana kiasi hicho.

Leseni usiisahau. Cooper Black inayokuja na programu za ofisi ina masharti yake, na kutengeneza kitu cha kuchapwa ni tofauti na kuipachika fonti yenyewe ndani ya tovuti, programu ya simu au kitabu cha kielektroniki. Soma masharti ya nakala uliyonayo kabla hujatoa toleo la simu. Andika na Fraunces zina leseni huria kwa hiyo huko hakuna wasiwasi. Ukimpelekea mchapaji faili, jina la kitabu ligeuzwe kuwa umbo kwanza, yaani liwe mchoro badala ya maandishi, maana akilifungua kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo litabadilika kuwa kitu kingine na anaweza kuchapa bila kuona.

Halafu mgongo wa kitabu. Cha watoto kinakuwa na kurasa chache na mgongo mwembamba, milimita chache tu, kwa hiyo jina pale litashuka pointi 10 au chini ya hapo na Cooper Black itaziba. Mgongoni weka Andika nene, na kama mgongo ni mwembamba kiasi kwamba hata hiyo haikai, uache mtupu wenye rangi ya kava.